Jani Linalong'aa Kushoto kwa Mlango

Tarehe 3 Machi

Kwa Mdogo wangu wa kike,
Kitalu cha Miche.

YAHUSU: KUPOKEWA KWA VYUNGU VITANO VYA MIMEA VISIVYOOMBWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzima, Mama ni mzima, nami natumaini nawe u mzima. Baada ya hayo naomba kuwasilisha malalamiko yangu.

Jana saa nne asubuhi kondakta wa basi alishusha mlangoni petu boksi kubwa lililotobolewa matundu. "Pokea mzigo wako, mzee," akasema. Nikamwuliza ni mzigo gani, kwa kuwa sikuwa nimearifiwa. "Msitu," akajibu, akaenda zake akicheka. Nimelifungua boksi hilo kwa mikono yangu na kukuta vyungu vitano, kila kimoja na mmea wake, na majani yote yanang'aa kama viatu vya mtu anayekwenda kuomba kazi.

Sikatai zawadi. Ninachokataa ni vile vikaratasi ulivyovifunga shingoni mwa kila mmea. Mmoja umeuandikia: "Huu ukae kushoto kwa mlango wa nyuma, pale ngazi zinapoanzia. USISOGEZWE." Mwingine: "Pembeni mwa ushoroba, mkabala na bafu. USISOGEZWE." Wa tatu kando ya jiko, wa nne karibu na cherehani, wa tano mbele ya chumba cha Mama. Vyote vitano vina amri, na hakuna hata kimoja chenye sababu.

Nakukumbusha kwamba nilikuwa tarishi wa ofisi kwa miaka thelathini na mmoja. Nilijifunza kuandika kwa kusoma barua za wakubwa nilizozibeba, tena bila mwalimu, na leo watu wenye digrii huja kuketi mbele ya meza yangu hapa sebuleni niwaandikie maombi yao. Najua amri inavyotolewa. Amri hutanguliwa na maelezo. Huwezi kuondoka nyumbani miaka kumi na miwili, ukaniachia mimi mama, bomba linalovuja na paa, halafu ukaongoza nyumba kwa vikaratasi.

Nimemwuliza Mama kama anajua habari hizi. Amesema, "Mie ndiye niliyemwomba. Waache watoto wa watu wakae walipoambiwa." Nikamwuliza kwa nini hakuniomba mimi ninayelala chumba cha pili. Akaendelea kushona.

Naomba majibu kwa maandishi.

Wako katika wajibu,
Kaka yako
Mwandishi wa Barua za Maombi

Nakala: Jalada


Tarehe 9 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma hapa kitaluni mbele ya wenzangu. Tuliitafutia mhuri, tukaukosa. Mwenzangu mmoja anauliza kama akijaza fomu na yeye anaweza kuwa mdogo wako.

Umesema nimekuachia mama. Tusianze hapo, maana nikianza mimi hatutamaliza. Unakumbuka aliyeniambia mlangoni kwamba nyumba haina nafasi ya watu wawili wanaoamuru? Basi mmoja aliondoka. Tuzungumze majani.

Mama aliniomba mimea ya ndani yenye majani yanayong'aa, nami sikuokota tu. Nilizunguka vibanda vyote siku tatu baada ya kazi. Jani zuri la namna hiyo huchaguliwa hivi: unaliinua kwenye mwanga unaotoka ubavuni, halafu unaangalia kama linaurudisha au linaumeza. Unalibonyeza kidogo, liwe nene, liwe na ile nta yake ya asili juu, ambayo ndiyo ngozi yake. Unalipitishia kidole gumba. Mng'ao ukibaki kwenye kidole, muuzaji kapaka mafuta, weka chini uondoke. Ukibaki kwenye jani, chukua. Majani yenye vinyweleo niliyaacha yote, maana yanashika vumbi na ukiyafuta yanaoza. Yenye miiba na kingo kali niliyaacha pia. Mama anapenda kuyashika.

Ule mkubwa ni mmea wa mpira, majani yake mapana kama kiganja cha fundi seremala. Nilikataa minane kabla ya kuupata huo. Ndio niliouandikia mlango wa nyuma. Wenye vijani vya mviringo kama vifungo vya koti ni wa kwenye cherehani. Maji mara moja kwa wiki, tena kidogo. Kila siku ya pili chukua kitambaa chenye unyevu, maji matupu, ufute vumbi kwenye majani. Vumbi likikaa, hakuna mng'ao, na kama hakuna mng'ao kazi yangu yote ni bure.

Na usiisogeze. Hasa huo wa mlangoni. Unataka sababu? Kwa sababu nimesema. Kwa sababu Mama amesema. Mara moja tu katika maisha yako, Kaka, fanya jambo bila kulifungulia faili.

Mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Kwa Mdogo wangu.

YAHUSU: MATOKEO YA UCHUNGUZI WA MIMEA NA HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Rejea barua yako ya tarehe 9 Machi, ambayo lugha yake nimeivumilia.

Ulinieleza kipimo cha kidole gumba. Kipimo hicho nimekiona ni dhaifu, nikakiboresha. Nimechukua jani moja la mmea wa vifungo, nikalisugua kwa sabuni ya kufulia na kipande cha gunia kwa muda wa dakika tano. Jani lilififia na kubaki kama soli ya kiatu kikuukuu. Kwa hiyo nasikitika kukujulisha kwamba mng'ao ule ni wa kupakwa, na kwamba siku zako tatu za kuzunguka vibandani zilikuwa siku tatu za kudanganywa.

Kuhusu mahali pa kuviweka vyungu, nilisubiri sababu kwa siku kumi tangu barua yangu ya tarehe 3. Sababu niliyoipokea ni "kwa sababu nimesema", nayo si sababu inayotambulika. Jana, nikitumia mamlaka yangu kama mkubwa wa nyumba, niliviondoa vyote vitano vilikokuwa vimezagaa na kuvipanga sebuleni chini ya dirisha, mrefu kuanzia ukutani na mfupi kumalizia, kila kimoja na nambari yake kwenye kibandiko. Sasa hata mgeni akiingia anaona kwamba hapa wanaishi watu wenye mpango.

Mama alinisikia nikiburuta chungu akauliza kutoka jikoni, "Unampeleka wapi huyo?" Nikamjibu kwamba namweka mahali panapostahili. Alipokuja sebuleni nikamwonyesha kwa kidole jinsi safu ilivyonyooka. Yeye akageuza uso akatazama upande wa kabati, kama vile sipo. Kisha akasema, "Virudishe." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Basi, acha." Hicho ni kiburi, na najua kimetoka wapi. Kimekuja kwenye boksi lenye matundu.

Kwa kweli tangu aliporudi kutoka kwako mwaka jana, Mama amebadilika. Hanisalimii nikiingia mpaka nimsalimie mimi. Juzi msoma mita ya umeme alipita uani, Mama akamwita "Baba", kama anavyoniita mimi, na kumwuliza kama amekumbuka kununua mkate. Wiki iliyopita alirudishiwa blauzi nyeupe aliyoishona kola kwa uzi wa kijani, ikanibidi nimwandikie mteja barua ya kuomba radhi, kurasa mbili. Kutunga uzi sindanoni ananiita mimi, wakati nina watu mezani. Na kila asubuhi, kabla sijavihamisha, alikuwa akitembea kutoka chungu hadi chungu akiyapapasa majani na kuyasemesha. "Wewe upo. Na wewe upo." Mtu mzima, fundi aliyeshona miaka hamsini! Nimeyaandika haya yote kwa tarehe, endapo yatahitajika.

Ukiwa na hoja yenye uzito, iandike. Nitaipitia.

Kaka yako
Mwandishi wa Barua za Maombi

Nakala: Jalada


Tarehe 18 Machi

Kaka, shikamoo.

Rudisha mimea ilipokuwa. Leo. Ukimaliza kusoma sentensi hii inuka, chukua ule wa mpira, uweke kushoto kwa mlango wa nyuma, halafu ndio uketi usome iliyobaki.

Hakuna aliyepaka kitu. Umelichuna jani ngozi kwa gunia halafu umeliandikia ripoti.

Nilikwenda posta nikapiga simu pale kwenye duka la nyuzi la jirani yetu. Jirani kaja mwenyewe mlangoni kukuita. Kaniambia ulimjibu kwamba jambo la maana huandikwa. Nilisimama kwenye kile kibanda nimeshika mkonga wa simu kama mjinga, na foleni nyuma yangu inanisonya.

Siwezi kukuambia sababu. Nimeapa. Lakini soma tena barua yako mwenyewe ya tarehe 14, ile aya ya kabla ya mwisho, uliyoandika "kwa tarehe". Isome kama vile imeandikwa na mteja wako. Nakuomba.

Mdogo wako


Tarehe 23 Machi

Kwa Mdogo wangu.

YAHUSU: OMBI LA KURUDISHA VYUNGU

Barua yako ya tarehe 18 imepokelewa na kusomwa mara mbili.

Nimeisoma pia barua yangu kama ulivyonielekeza, nami sikuona kosa ndani yake isipokuwa nukta moja iliyokosekana. Unaniambia kuna siri kati yako na Mama. Vizuri. Mimi ndiye ninayechota maji bomba likikauka. Mimi ndiye niliyekaa naye alipougua kifua, siku kumi na moja, nikimpa dawa kwa saa. Wewe uko mbali ukitikisa miche, na siri unapewa wewe. Mimi napewa chungu nibebe.

Ombi lako limekataliwa kwa sasa. Nitakuwa tayari kulifikiria upya pindi nitakapopokea sababu kwa maandishi, yenye sahihi yako.

Kaka yako

Nakala: Jalada


Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Mama ameanguka. Leo saa tatu asubuhi, kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Zote tatu. Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia, na paji la uso limeshonwa nyuzi sita. Tumerudi kutoka hospitali sasa hivi. Amelala.

Ngazi zilikuwa kavu. Nimezikagua. Hapakuwa na kitu chochote cha kumkwaza. Amepita pale zaidi ya miaka hamsini.

Nilikuwa mezani namwandikia mtu maombi ya kiwanja. Nilimsikia akipita ushorobani, mkono wake ukisugua ukuta, akisema polepole, "Wewe upo wapi? Wewe upo wapi?" Nikadhani anamwita paka. Hatuna paka.

Nimemwuliza daktari imekuwaje. Akanitazama akaniuliza kama ninaishi naye nyumba moja. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena.

Andika haraka.

Kaka yako


Tarehe 28 Machi

Wewe,

Barua zako mbili nimezipata kwa siku moja. Ya kwanza inakataa ombi langu. Ya pili inasema Mama kavunjika mkono. Nimezishika moja huku na moja huku, sijui niichane ipi.

Unataka sababu kwa maandishi yenye sahihi. Hii hapa. Mama haoni.

Alipokuja kwangu mwaka jana, ile safari uliyomwandikia kibali kana kwamba anavuka mpaka, nilimpeleka kwa daktari wa macho. Mishipa ya macho imekufa, na iliyokufa hairudi, hakuna cha kukata wala cha kushona. Aliambiwa atabaki na mwanga na kivuli, na yeye akaniambia ndiko alikokwisha kufika. Sura yako hajaiona tangu mwaka juzi. Anakujua kwa viatu.

Tulirudi kwenye kitalu akaketi kwenye benchi akingoja nimalize kazi. Ghafla akasema, "Kile kinachometameta pale ni nini?" Ulikuwa mmea wa mpira, jua limeupiga ubavuni. Kila kitu kingine kwake kilikuwa ukungu, lakini jani lile lilikuwa linamrudishia mwanga. Akainuka mwenyewe, hakushika mtu, akaenda moja kwa moja mpaka akaligusa. Akacheka. Akasema, "Nipatie hawa watano, mie nitajua nyumba yangu."

Zile zilikuwa taa zake, Karani! Mng'ao wa kwanza, umefika bafuni. Mng'ao wa pili, jiko. Na ule mkubwa wa kushoto kwa mlango, simama, shika nguzo, ngazi inaanza. Ndiyo maana nilikataa minane. Wewe ukazipanga kwa urefu. Kwa nambari! Mama yako alikuwa anatembea ushorobani anangoja jani ling'ae, halikung'aa, akaendelea kulingoja mpaka sakafu ikamwishia.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Uliza ukuta wa chumba cha nyuma kama bado una alama za misumari. Mama mdogo alipopooza miguu ulimbandikia pale ratiba. Saa ya kuamka, saa ya chai, saa ya kuketi barazani, saa ya kupelekwa uani. Uliipiga taipu. Mama mdogo alimaliza miezi minane ya mwisho ya maisha yake anauliza saa ngapi. Mama yetu aliiona ile karatasi wakati bado anaona. Alinishika mikono yote miwili akaniapisha: "Mwanangu ni mtu mwema, lakini akijua, atanipanga."

Nimekaa kimya kwa sababu niliapa, na kukaa kwangu kimya kumemwangusha. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wewe umeketi naye chumba kimoja, meza yako na cherehani yake havipishani hatua nne. Ulihesabu kila alichokosea, ukakiandika kwa tarehe, halafu hukukisoma.

Sina sahihi ya kukupa. Unajua mkono wangu.


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imekuja bila shikamoo. Nimeitafuta mpaka nyuma ya karatasi. Sidai, naeleza tu kwamba nimeona.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na kichwa cha habari.

Nina hasira nawe na sitaficha. Mliketi watu wawili mkanihukumu, na mshtakiwa hakuitwa. Ratiba ya mama mdogo niliiandika kwa sababu niliogopa nitamsahau. Nilikuwa kazini mchana kutwa, peke yangu na yeye na Mama, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni mpangilio. Hakuna aliyeniambia kwamba anateseka. Alikuwa akiniuliza saa ngapi, nami nikamjibu kwa usahihi kila mara. Hilo sasa linaniuma mahali ambapo sikujua nina mahali.

Hata hivyo sitasema kwamba mlikosea kuniogopa. Uliponiandikia, jambo la kwanza lililonijia kichwani, kabla ya majuto, kabla ya kitu chochote, lilikuwa ni kuchukua karatasi na rula. Nilikwisha kuandika "Saa 12:30, kuamka". Mkono uliandika wenyewe. Nimeichana.

Jana asubuhi Mama akiwa amelala nilichukua ile khanga yake nyepesi ya manjano, nikajifunga machoni. Nilisimama jikoni nikaenda kwa kupapasa mpaka mlango wa nyuma. Ushoroba wetu una hatua kumi na tatu. Katika hatua ya saba niliogopa nikaketi chini. Mimi, kwenye nyumba niliyozaliwa. Yeye amekuwa akiupita hivyo miaka miwili huku mimi nikimlalamikia kwamba anasugua rangi ya ukuta.

Vyungu nimevitoa chini ya dirisha. Lakini sikumbuki hasa vilipokuwa; jalada linasema "kushoto", halisemi hatua ngapi. Vikaratasi vyako nilivitupa, kwa kuwa havikuwa na sababu. Nimeweka ule wa mpira karibu na mlango, nikausogeza kushoto, nikausogeza tena, nikaona jua haliupigi. Kila mahali ninapopaona sawa mimi, najua sasa kwamba kuona kwangu hakutoshi.

Mama ameamka anajua kwamba najua. Sijui amejuaje. Amesema nikae karibu na kitanda nilete kalamu, anataka kukuandikia, na mkono wake uko kwenye plasta. Nimemwambia nitaandaa rasimu. Ameniambia nifunge mdomo.

Kaka yako


Tarehe 5 Aprili

Kitindamimba wangu,

Anayeandika ni kaka yako. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiongeze "kwa heshima na taadhima" wala nini. Kila nikisema neno namsikia anavuta pumzi. Andika na hilo. Andika, nakwambia.

Mkono unawasha. Uso umevimba, kaka yako anasema si sana, kwa sauti hiyo najua ni sana.

Nina hasira na nyie wote wawili na nitaanza na wewe uliye mbali. Nilikuapisha, ukashika kiapo mpaka nikavunjika, ndipo ukakivunja. Ungekivunja wiki moja kabla. Kiapo ni changu, ungeniomba radhi, ningekusamehe nikiwa na mikono miwili. Haya. Limekwisha. Ukinitajia tena nitakusonya.

Sasa huyu. Huyu hapa nilimwambia, "Virudishe." Neno moja. Mama yako akisema virudishe, unauliza kwa nini? Tangu lini? Nilikuzaa nikiwa na sababu gani? Amesimamisha kalamu. Endelea. Nilishindwa kumjibu kwa sababu nilimwogopa, na hilo ndilo linalonichoma kuliko mkono. Nimemwogopa mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo. Mdogo wangu mimi, mama yenu mdogo, alikufa akingoja saa nne ifike ndipo apelekwe uani. Andika. Saa nne. Usiiruke.

Analia. Anasema halii, anasema ni vumbi. Andika kwamba unalia. Mie sioni lakini sijawa kiziwi.

Jana tumevirudisha vyungu. Sikumwelekeza kwa mdomo tu. Nilisimama kila mahali ninaposimama, mgongo umenyooka, na yeye akaubeba ule mkubwa mikononi, mzito, anahema. "Hapa, Mama?" "Nyuma." "Hapa?" "Nyuma, na uinue kidogo, umekuwa mfupi." Akaleta stuli akauweka juu. Tukaenda hivyo hivyo mpaka lile jani la juu likawaka. Nikasema, "Hapo! Usipumue." Tukafuta vumbi wote wawili, maji matupu. Nikatembea kutoka jikoni peke yangu. Alitaka kunishika kiwiko, nikampiga kofi kwa huu mkono mzima. Nilifika mlangoni, nikaliona, nikashika nguzo, nikashuka ngazi moja, nikapanda. Inatosha kwa jana.

Ule wa vifungo, lile jani alilolisugua halitapona. Nimekataa alikate. Nalipitisha kidole, najua hapo ndipo pa gunia.

Hakuna ratiba. Nimemwambia nikiona karatasi ukutani, na nitaiona kwa mkono, naihama nyumba hii nakuja kulala kwenye kitalu chako kati ya miche. Cherehani nitarudi plasta ikitoka. Kutunga uzi atanitungia yeye, bila kuniandikia tarehe.

Sasa nisikilize. Nataka wa sita. Ni wa kuweka kwenye meza yake. Anakaa pale siku nzima kavaa lile koti jeusi, hatikisiki, hasemi, na mie simjui kama yupo au hayupo, najikuta nasema na kiti. Chagua wenye jani gumu, nene, linalorudisha mwanga hata siku ya mawingu, lisilochoka kufutwa. Litakaa pembeni mwa kalamu zake, nami nitajua nimgeukie upande gani nikimgombeza. Usilitume kwa kondakta. Lete mwenyewe, ulipakate. Ukifika mtasalimiana kwanza, ndipo mgombane, na mimi nitakuwa nimeketi katikati.

Namuuliza kama amesikia. Anasema amesikia.

Mama yenu

Imeandikwa nami kwa mkono, kama ilivyotamkwa. Sikusahihisha kitu. Nambari nimezibandua zote.

Hii haina nakala.